Sentimita Kumi na Tisa

Dalali alisimama kizingitini, theluji ikimyeyukia viatuni,
akautazama msonobari kabla hajaitazama nyumba.
"Bi Postma, jiko ni zuri, paa bado lina nguvu.
Lakini mnunuzi akiuona ule, elfu arobaini zitatoka."
Kutoa ni moyo, husemwa.
Yeye alitoa kwa kalamu.

Elfu arobaini za dola:
karibu miaka miwili katika makao ya wazee kando ya mto,
chumba chenye dirisha, kengele kitandani,
mtu wa kunishika mkono nisiteleze bafuni.
Mti umekula miaka yangu miwili
na wala haukucheua.

Nikaandika.
Kwa Bwana Darcy Kowalchuk, nyumba namba kumi na nne, Dunnville, Ontario.
Mizizi yako imeingia katika bomba langu la maji machafu.
Sindano zako zimeziba mifereji yangu.
Kivuli chako kimeyaua mawaridi yangu, yote sita.
Barua kumi na moja, misimu miwili ya baridi,
nakala zake nimezipanga kwenye kopo la biskuti
kama risiti za deni.

Alijibu moja tu, nyuma ya bahasha ya umeme:
"Mama, mti niliukuta."
Nikasema, huyu ananicheza shere.

Zamani alinipigia koleo njia nzima, hadi kwenye sanduku la barua.
Baada ya barua ya tatu koleo likaishia mpakani,
theluji imesimama wima, imekatwa kama keki.
Nilipita pale na fimbo yangu, taratibu,
nikihakikisha ananiona.

Mwezi wa nne aliletwa mpima ardhi,
Harleen Dhaliwal, binti mwembamba mwenye buti kubwa.
Alipiga magoti matopeni, akachimbua kwa mwiko
kigingi cha chuma kilichooza kutu, cha mwaka hamsini na nane.
Akakipata na cha pili, huko nyuma, chini ya banda.
Akavuta kamba ya waridi baina yao.

Kamba ikapita.
Ikaupita mti.
Ikapita upande wa pili wa mti.

"Shina lote ni lako, Bi Postma," akasema, na akapima tena, kwa huruma.
"Kufika kwake zimebaki sentimita kumi na tisa."

Ndipo nikamwona Gerrit, mwaka sabini na moja, baada ya Krismasi,
amebeba mche ndani ya debe la kahawa, udongo wamwagika njiani.
Anapaza sauti kutoka uani: "Hapa?"
Na mimi dirishani, mikono ndani ya povu la sabuni,
mtoto analia, maziwa yanafurika,
nikajibu bila kugeuka:
"Hapo hapo."

Hapo hapo.

Nilirudi ndani nikafungua kopo.
Nikasoma zote kumi na moja kwa sauti, nikibadilisha njiani:
mizizi yangu, bomba langu.
Sindano zangu, mifereji yangu.
Kivuli changu, mawaridi yangu.
Hata lugha ilikuwa imechoka kunisubiri.

Kuukata ni elfu sita na mia tano.
Mkata miti anasema crane haipiti kwangu,
lazima ipite kwa jirani,
na kwa hilo atahitaji sahihi yake.

Kamba ya waridi ingali pale. Darcy ameiona;
jana alisimama mbele yake, mikono mifukoni,
muda wa kutosha mtu kuhesabu hadi kumi na tisa.
Hakucheka. Ningependa angecheka.

Barua ya kumi na mbili iko mezani.
"Bwana Kowalchuk, mti wangu"
halafu mkato,
halafu karatasi nyeupe,
na nje, juu ya paa langu,
sindano zinaanguka moja moja bila kuuliza ni kwa nani.